Mavyaa Apima Moto wa Nyumba Tatu

Jumapili, 8 Oktoba

Viazi vyote vimekwisha kutoka shambani, na leo ukoo wa Sirois umekutana kwa mavyaa wangu kuamua kama nyumba yake iuzwe. Tulikuwa watano mezani: yeye mwenyewe, Mama Exélia, miaka themanini na minne, mume wangu Réal, kifungua mimba wake, Adrien wa pili, Jeannine kitinda mimba, na mimi Clémence, mkazamwana, ambaye kazi yangu katika vikao hivi ni kumimina kahawa.

Shida ni mafuta. Chini ya sakafu ya nyumba ile kuna tanuri, na majira ya baridi yaliyopita lilikunywa galoni mia tisa na hamsini. Dola elfu tatu na mia tano, kwa mama wa pensheni anayelala peke yake katika vyumba tisa. Jeannine alisema kwa upole kwamba nyumba iuzwe. Adrien alisema iuzwe kwa ukali, maana hajui namna nyingine ya kusema jambo. Réal alitazama kikombe chake.

Mama Exélia aliwaacha mpaka maneno yakawaishia. Kisha akasema hatoki katika nyumba aliyozalia watoto watatu kwa sababu ya kitu kinachoingia kwa bomba. Akatoa sharti. Majira haya atafunga nyumba, maji yatolewe kwenye mabomba yasigande, na atakaa wiki sita kwa kila mtoto. Jeannine anatumia mafuta, Adrien anachoma kuni, sisi tuna jiko la peleti, vile vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Atapima mwenyewe. Siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa Machi, tutakutana tena. Ukipatikana moto wa kupasha nyumba yake kwa dola elfu mbili au pungufu, anarudi kwake. Usipopatikana, nyumba inauzwa na yeye anahamia kwa Réal.

"Kwa Réal," akarudia, akinitazama mimi.

Miaka thelathini na mitatu mama huyu anaosha upya sahani nilizokwisha kuziosha. Nimemwambia Réal njiani kwamba peleti lazima zishinde. Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 10 Oktoba

Tani nne za peleti zimefika. Mifuko mia mbili. Réal yuko barabarani na lori lake la viazi, kwa hiyo nimeipanga gereji peke yangu. Nimejipaka dawa ya mgongo mpaka nanuka kama duka la dawa.

Jumapili, 22 Oktoba

Tumemhamisha Mama Exélia kwa Jeannine. Amebeba sanduku moja, kikaango chake cha chuma, na kipimajoto alichokifunga uzi na kukivaa shingoni pamoja na msalaba. Padri alipomsalimu baada ya misa alimuuliza ni nishani gani hiyo. Akamwambia ni ya vita ambavyo bado havijaisha.

Jumamosi, 4 Novemba

Jeannine amenipigia simu, ananong'ona akiwa chooni kwake mwenyewe. Yeye huweka joto digrii sitini na nne za Farenhaiti ili kubana mafuta, akienda kazini hospitalini mama anapandisha mpaka sabini, akirudi anashusha, na hakuna anayemtaja mwenzake. Kwamba mafuta ni safi, mama amekubali. Hakuna majivu, hakuna kubeba kitu, nyumba nzima inapata joto sawasawa, hata kabatini. Lakini anachoka kukaa kutwa na kitu kinachounguruma chini ya miguu yake bila kuonekana. Siku gari la mafuta lilipokuja, alichemsha kahawa na kukata keki vipande viwili, chake na cha dereva. Dereva alichomeka mpira wake nje, akajaza tangi, akabandika risiti mlangoni, akaenda zake. Mama alikula vipande vyote viwili kwa hasira.

Nilicheka sana. Kisha nikafikiri juu ya kile kipande cha pili, nikaacha kucheka.

Jumapili, 3 Desemba

Theluji mpaka magotini. Mama Exélia amehamia kwa Adrien. Hesabu ya mafuta ameiandika kwa wino: kwa nyumba yake ni elfu tatu na mia tano, "na upweke bure."

Jumatano, 20 Desemba

Nimekwenda kwa Adrien kupeleka zawadi za Krismasi. Jikoni kwake mtu angeweza kuoka mkate juu ya meza. Jiko la kuni lilikuwa jekundu, mke wake Gisèle amevaa fulana ya mikono mifupi, na mama amekaa mlangoni akijipepea kwa gazeti. Nikapanda ghorofani kuweka koti. Glasi ya maji kando ya kitanda cha mama ilikuwa imefanya utando wa barafu.

Adrien ana neno moja tu juu ya kuni zake: bure. Msitu ni wake, mikono ni yake. Amelisema mara tatu kabla sijavua kofia. Mama alimwacha amalize, akafungua daftari lake, akamsomea taratibu kama anayesoma wosia: petroli ya msumeno, mnyororo mpya wa msumeno, matairi ya trela, daktari wa mgongo, mara nne, kufagia dohani, na Gisèle, saa moja kila siku na ufagio, tangu mwaka waliooana.

"Gisèle simlipi," alisema Adrien.

"Najua humlipi, mwanangu. Ndiyo maana nimemwandika."

Gisèle aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Adrien alitoka nje kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Hata hivyo, tulipokuwa wawili, mama aliniambia kwamba kwa bei, kuni zinawashinda wote. Hata akizinunua, magogo ya nyumba yake hayafiki dola elfu moja na mia nane. Ila dohani ya kwake imepasuka tangu juu mpaka chini, na fundi alikataza kuwasha moto wa kuni humo mpaka ijengwe upya. Ujenzi huo ni dola elfu nne na zaidi. Alisema hayo huku akilitazama jiko la mwanawe kwa macho ya mtu anayemtazama mchumba aliyeoa kwingine.

Rahisi huvunja upishi, nikasema. Akanijibu kwamba hata upishi wangu wa ghali una matatizo.

Jumatatu, 25 Desemba

Misa, pai ya nyama, watu kumi na sita. Adrien na mama wanazungumza tena.

Jumatatu, 8 Januari

Digrii thelathini chini ya sifuri. Pua iliganda kati ya mlango na gari.

Jumapili, 14 Januari

Amefika. Sanduku, kikaango, kipimajoto. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la peleti, akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo chake kama mtu aliyekuja kuangalia televisheni. Nikamweleza: unamimina mfuko huku juu, parafujo linasukuma vidonge kidogo kidogo, feni inapuliza, umeme unawasha. Mifuko miwili kwa siku kama hii ya baridi kali, mmoja siku za kawaida.

Alisikiliza yote, kisha akaorodhesha kwa vidole: linataka umeme, linataka kusafishwa kila asubuhi, linataka kulishwa kwa wakati, na linapumua kama mwenye mafua. "Hili si jiko. Hili ni askofu."

Baada ya chakula aliosha upya sahani zangu.

Jumamosi, 20 Januari

"Askofu amekula?" Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi siku hizi. Si habari, si umelalaje.

Jumatatu, 29 Januari

Leo amepekua pipa langu la takataka akatoa maganda ya viazi, akanionyesha unene wake kwenye mwanga wa dirisha. Nimepika shuleni miaka ishirini na sita, watoto mia mbili kwa siku, na hakuna aliyewahi kunionyesha ganda. Réal alijificha gereji. Nikamfuata huko nikamwambia kwamba peleti zikishindwa nitahamia mimi kwenye ile nyumba ya vyumba tisa, na tanuri la mafuta nitaliwasha kwa pensheni yake yeye.

Ila nakiri jambo moja. Asubuhi nilikuta amekwisha kusafisha jiko, majivu yote ametoa, kioo kinang'aa. Hakusema. Sikusema.

Alhamisi, 8 Februari

Tumecheza karata alasiri nzima. Anaiba. Mama wa miaka themanini na minne, rozari mfukoni, anaiba karata.

Ijumaa, 16 Februari

Naandika yote leo kwa kuwa siku tatu zilizopita vidole havikuwa na nafasi.

Jumanne asubuhi mvua ya barafu ilianza, kisha upepo. Réal alikuwa Boston na shehena. Kama saa nne hivi taa zilikatika, feni ya jiko ikaguna, ikanyamaza, na moto ndani ya kioo ukafifia mpaka ukawa uzi wa moshi. Mama Exélia alijipiga ishara ya msalaba. "Askofu amefariki," akasema, akachukua kalamu akaandika saa.

Mwanzoni tuliona mzaha. Tulifunga vyumba vyote, tukatundika mablanketi kwenye milango ya jikoni, tukaacha bomba likidondoka ili lisigande. Nina jiko dogo la gesi la kambini, kwa hiyo kahawa ilikuwepo. Lakini kile kipimajoto shingoni mwake hakikuwa na mzaha. Sitini na sita. Hamsini na nane saa ya chakula. Hamsini na moja kulipokuchwa. Jumatano tulipoamka kwenye godoro moja sakafuni, makoti mwilini, jikoni kulikuwa digrii thelathini na nane, sita tu kabla ya maji kuganda. Mama alitoa pumzi, ikaonekana. Akasema: "Leo ni Jumatano ya Majivu, na nyumba hii haina hata majivu."

Adrien alifika mchana kwa pikipiki ya theluji, akivuta nyuma sileji, kitoroli cha kuteleza juu ya theluji, maana miti ilikuwa imelala barabarani. Ndevu zake nyeupe kwa barafu. Nyumbani kwake walikuwa watu kumi na mmoja, Jeannine akiwa mmojawao, kwa sababu tanuri la mafuta nalo bila umeme ni chuma tu. Kuni tu ndizo hazikujua kwamba kumetokea kitu. Aliingia na furaha hiyo usoni, akasema peleti ni mchezo wa watu wa mjini, na sisi tupande sileji.

Mimi tayari nilikuwa nimeshika skafu. Nasema kweli, nilikuwa tayari kumkumbatia Adrien.

Mama hakunyanyuka. Alisema wiki zake sita kwangu zinaisha tarehe ishirini na tano, na hajaja kupima siku njema tu. Adrien alimwomba, akamfokea, akaniambia mimi kwamba mama akifa itakuwa shingoni kwangu. Hapo mama alimtazama namna ambayo naamini alimtazama akiwa na miaka sita.

"Clémence hajaniweka hapa. Nimejiweka. Nenda kalishe watu kumi na mmoja, urudi kabla ya giza. Tukiwa tumeganda utatubeba kwa urahisi zaidi."

Aliondoka. Nikakaa mezani nikiwa na hasira ya kuweza kupasha nyumba nzima. Nikamwambia. Miaka yote sikusema, nikasema siku ile: kwamba ni mkaidi, kwamba ananiua kwa ajili ya daftari, kwamba sahani zangu ni safi na zimekuwa safi tangu siku ya harusi.

Kisha, badala ya kunijibu, alianza kunisimulia majira yake ya kwanza katika ile nyumba yake. Mumewe alikuwa kwenye kambi ya kukata magogo, hatarudi mpaka barafu ya mto ivunjike. Yeye ana miaka kumi na tisa, ameachwa pamoja na mavyaa wake, jikoni moja, wanawake wawili.

"Alikuwa anaosha upya sahani zangu," akasema. "Nilimchukia mpaka Februari."

Nikamuuliza Februari kulitokea nini.

"Kuni ziliisha. Tukalala kitanda kimoja, tukachoma hori la nguruwe, tukagundua kwamba wote wawili hatumpendi dada yake mume wangu." Alikuwa anacheka bila sauti. "Sahani zako ni safi, Clémence. Mikono yangu ndiyo haijui kukaa. Nikikaa bure kwenye nyumba ya mtu najiona mgeni."

Nikammiminia kahawa iliyobaki yote.

Ni yeye aliyefikiria betri. Aliuliza Réal anapokaa kwenye kibanda chake cha kuvua samaki juu ya barafu, redio na taa vinakula wapi. Nikasema ana inverta, inachukua umeme wa betri ya gari na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Hapo mama huyo alivaa miwani, akalala kifudifudi kwenye sakafu ile ya barafu, akasoma kibati nyuma ya jiko kwa tochi: umeme kiasi gani kuwasha, kiasi gani kuendesha. Nikamwinua. Tukafanya hesabu pembeni mwa gazeti. Inverta ya Réal ilitosha, kwa shida.

Nilichimba barafu mlangoni mwa gereji kwa koleo nusu saa. Alinikataza kuliacha gari likiwaka humo ndani, maana moshi wake unaua, akasimama mlangoni na fimbo yake mpaka nilipolitoa kabisa na kulisogeza chini ya dirisha la jikoni, injini ikinguruma nje. Tukapitisha waya dirishani, tukaziba mwanya kwa taulo na soksi za Réal. Mama ndiye aliyebonyeza kitufe.

Feni ilikohoa, ikazunguka. Vidonge vikaanza kudondoka, tik, tik. Tulipiga magoti mbele ya kioo, bega kwa bega, kama watu wa kanisani. Dakika ya tano hakuna. Ya sita hakuna. Ya saba mwali mdogo ukainuka katikati, wa njano, ukapepesuka, ukasimama.

"Amefufuka," akasema Mama Exélia, "na Pasaka bado siku arobaini." Kisha akanishika uso kwa mikono yote miwili, baridi kama samaki, akanibusu paji la uso.

Adrien aliporudi jioni alikuta jikoni kuna digrii sitini na moja, redio ya betri inapiga muziki wa fidla, mimi nageuza samaki kwenye jiko la gesi, na mama yake anamimina ploye, zile chapati zetu nyembamba za vitundu, katika kikaango chake. Alisimama mlangoni na sileji yake tupu. Akavua kofia. Akauliza kama zinatosha watatu.

Umeme umerudi leo mchana. Tulikuwa tunacheza karata. Kwa mara ya kwanza niliiba na mimi.

Jumapili, 25 Februari

Wiki sita zimetimia. Réal alianza kusema kitu mezani juu ya tarehe. Nikamkanyaga mguu.

Jumanne, 12 Machi

Wavulana wa Mto Saint-Jean wameanza kubashiri siku ambayo barafu itavunjika. Mimi nimefanya hesabu nyingine, peke yangu, mlango umefungwa.

Nyumba ya mama, ghorofa ikifungwa na moto ukikaa chini anakoishi, inataka tani tano za peleti. Tani ni dola mia tatu thelathini. Hiyo ni elfu moja mia sita na hamsini. Lakini tanuri la mafuta libaki, liwake kidogo siku zile mbaya kabisa ili mabomba yasipasuke: galoni mia moja, dola mia tatu sabini. Jumla elfu mbili na ishirini.

Nimerudia mara tatu. Ishirini zimezidi.

Kitu kilichonishangaza si hesabu. Ni moyo wangu, uliporuka kwa furaha. Mwezi wa Oktoba ningeiba dola ishirini popote ili mama huyu arudi kwake. Leo nimeziona zimezidi, nikaimba nikipiga pasi.

Jumamosi, 16 Machi

Nilikwenda kununua mifuko kumi ya kumalizia msimu. Ukutani wamebandika karatasi: atakayelipa kabla ya mwisho wa Aprili kwa ajili ya majira yajayo, tani ni dola mia tatu na kumi. Mwenye duka aliniuliza kama nimeona. Nikasema sikuja na miwani. Miwani ilikuwa puani.

Jumatatu, 18 Machi

Leo ameniuliza kama nadhani barua zake zitaelekezwa upya, akihamia kwetu kabisa. Akataka pia kujua ile mashine yake ya kushona itakaa wapi. Nikamwonyesha pembe ya sebule, karibu na dirisha. Aliitazama pembe ile vizuri, akasema ni nzuri. Kisha akaingia chumbani kwake, na nilipopita nilimwona amekaa kitandani na ule ufunguo wa nyumba yake mkononi, anaugeuza tu. Sijala chakula cha jioni.

Jumanne, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Tulikutana kwetu. Mama alifungua daftari, akavaa miwani, akasoma. Mafuta, elfu tatu na mia tano, hapana. Kuni, elfu moja na mia nane, lakini dohani, hapana. Akanigeukia mimi niseme peleti.

Nikasema elfu mbili na ishirini.

Aliandika. Alitazama ile namba muda mrefu, kama mtu anayetazama picha. Kisha akafunga daftari. "Neno ni neno. Iuzwe."

Hakuna aliyefurahi, hiyo ndiyo ajabu. Jeannine alianza kulia. Adrien, yule yule wa Oktoba, akapiga meza akasema dola ishirini atazitoa yeye, kila mwaka, mpaka afe. Mama akamjibu kwamba hakusema elfu mbili na huruma ya Adrien. Amesema elfu mbili. Réal akatazama kikombe chake. Mimi nikamtazama mama, amenyooka kitini, mikono imetulia juu ya daftari. Mikono ile ambayo haijui kukaa.

"Wanauza mia tatu na kumi mwezi wa Aprili," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikaeleza: ukilipa mapema, dola ishirini chini kwa kila tani. Tani tano, mia moja nzima. Jumla inakuwa elfu moja mia tisa na ishirini.

Mama alifungua daftari, akakokotoa mwenyewe, mdomo ukienda. Kisha akauliza nimejua lini.

"Jumamosi."

"Na kwa nini hukusema?"

Nikasema ukweli, mbele ya ukoo wote wa Sirois. "Nilitaka ubaki kwetu, Mama."

Jikoni vidonge vilikuwa vinadondoka, tik, tik. Kisha Mama Exélia akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani na kuiweka mezani. Akaweza kusema, "Miaka thelathini na mitatu unaomba niondoke, mwanangu. Umeanza kuomba nibaki siku ambayo nina pa kwenda."

Nikacheka na mimi, huku nalia. Jeannine naye, huku analia. Adrien alikuwa tayari amesimama, ananyoosha utepe wake wa kupimia ukutani, anaeleza kwa ukali bomba la jiko jipya litatokea wapi.

Jumamosi, 30 Machi

Mwalimu mmoja anayehamia kusini anauza jiko lake la peleti, halijamaliza hata misimu miwili. Dola mia nane. Watoto watatu wamechanga.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo amerudi kwake. Adrien ametoboa ukuta na kufunga bomba. Réal amerudisha maji. Jeannine amefungua madirisha yote yatoe ubaridi wa miezi sita. Theluji bado iko upande wa kaskazini wa nyumba, chafu kama shuka la hoteli mbovu. Tani tano zimepangwa barazani, nyeupe, safi, zimelipwa.

Adrien, kwa kuwa hawezi kuona kitu bila kukiboresha, alikuwa na mpango. Mfuko mmoja ni kilo kumi na nane. Mama hawezi kuuinua. Kwa hiyo atamtengenezea sanduku kubwa la mbao juu ya jiko, lenye mfereji. Anamimina yeye Adrien tani nzima mara moja, na mama hana haja ya mtu mwezi mzima.

Mama alisema hapana.

Adrien akamwambia hiyo ni kazi ya siku mbili tu, wala hatatoza. Mama akasema hapana tena, akiwa anapanga vikombe. Jeannine akamuuliza sasa nani atamimina mfuko kila siku. Mama akaendelea kupanga vikombe.

"Nimeupima huo mfuko pia," akasema. "Nimeupima kwa Clémence karibu wiki kumi na nne. Dereva wa mafuta hapandi ngazi yangu. Kuni za Adrien zingerundikwa hapa Jumapili moja, nisimwone mpaka Jumapili nyingine. Huu mfuko unataka mtu kila siku."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Aliniwekea kikombe.

Jumatano, 1 Mei

Asubuhi baridi bado, ukungu umekaa mtoni. Saa moja nilikwenda kwa Mama Exélia kumimina mfuko, kazi ya dakika mbili. Nimerudi nyumbani saa tisa alasiri.